Chai ya Salima Isiyo na Sukari

Kwanza ondoeni wasiwasi. Tumerudi salama, na Dada Tausi ni mzima, wengine mmemwona jana akibishana na muuza samaki wa migebuka kule chini. Kila ninakopita naulizwa ilikuwaje, na kila mmoja kasikia lake. Mmoja kasikia tulipotea, mwingine kasikia tulikamatwa tukafagishwa barabara. Kufagia tulifagia kweli. Kukamatwa, hapana. Sasa nimekaa chini niandike mara moja, msomeane, maana kusimulia nyumba kwa nyumba kumenikausha koo.

Ujiji hadi mpakani

Safari ilikuwa ya Dada, mimi nilikuwa mzigo wake. Mnamjua na lile jiwe lake. Sisi hapa Ujiji tuna mahali petu pale walipokutana wale wazungu wawili wa zamani, aliyepotea na aliyemtafuta, na watoto wa shule kila mwaka wanaletwa kuonyeshwa. Halafu akatokea mgeni mmoja wa Burundi kwenye harusi, akasema hata kwao Bujumbura liko jiwe, na wazungu ni walewale. Dada hakulala. Miaka mitatu anasema lazima akalione jiwe hilo kwa macho yake, na akishaliona atawaambia wenyewe ukweli wao.

Tukaamua kufikia kwa Salima, mtoto wa baba yetu mdogo. Ni fundi cherehani, mjane, anakaa Buyenzi, mtaa wa Waislamu wa siku nyingi pale mjini. Sisi na yeye tumeonana misibani tu, watu wakiwa na macho mekundu, kwa hiyo kujuana kwetu kulikuwa kwa kupeana pole.

Sasa lipo jambo ambalo wengi wenu hamlijui, na nimemwomba Dada ruhusa ya kuliandika. Dada ana sukari. Huu mwaka wa nne anajichoma sindano mara tatu kwa siku, kabla ya kila mlo. Mwaka juzi, mliposikia amelazwa kwa malaria, haikuwa malaria. Alikosa dawa siku mbili, akawa hajitambui. Nilimbeba mimi na mwanangu, na sitaki kuikumbuka siku ile. Nilimwambia mara mia, mficha maradhi kilio humuumbua. Akanijibu kilio ni chake, mimi kinanihusu nini.

Dawa yenyewe inataka ubaridi. Basi safarini tunaiweka kwenye chupa ya chai, ile ya bluu yenye maua: vichupa viwili ndani ya mfuko wa nailoni, na barafu ya kutosha. Nani atawauliza wanawake wawili wa makamo wamebeba nini kwenye chupa ya chai? Dada akaniapisha nisimwambie Salima. Alisema Salima akijua atampikia majani kama mbuzi, na mtaa mzima utapanga foleni kumpa pole.

Nikaapa. Mimi nikawa mlinzi wa chupa.

Ulinzi wenyewe ulinitia aibu kabla hatujafika mbali. Tulipovuka mpaka basi likasimama kwa muda wa karibu saa mbili, tairi limepasuka na la akiba halina upepo. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu alikuwa na mtoto anakohoa. Akaniomba kwa adabu chai kidogo tu ya kumtuliza mtoto koo. Nikamwambia haipo. Akaitazama chupa ilivyo nzito mapajani kwangu. Mzee wa pembeni akasema kwa sauti kwamba dunia imeisha, siku hizi watu wananyima watoto chai. Basi zima likanigeukia. Dada, mwenye dawa yake, akageuza uso dirishani kana kwamba hanijui! Tulipofika Rumonge nilimnunulia yule mtoto maandazi matatu, lakini jina la uchoyo nilikuwa nimeshalipata, na nililibeba hadi Bujumbura.

Lingine dogo. Kule wako nyuma yetu kwa saa moja. Abiria wote walirudisha saa zao. Mimi sikurudisha. Saa hii ni ya marehemu mume wangu, na mshale wake siugusi kwa sababu ya mpaka wa watu.

Buyenzi, asubuhi ya mafagio

Salima alitupokea vizuri mno. Mwembamba, mpole, anaongea kwa kunong'ona hadi unamsogelea. Alitupikia ndizi, maharage ya mawese na dagaa wao wanaowaita ndagala, wamekaangwa mpaka wanalia mdomoni. Dada akaenda chooni na mkoba wake kabla ya kula, akarudi, akala kwa raha. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni. Usiku nikaweka chupa chini ya kitanda na kulala kama mtu aliyevunja mawe.

Asubuhi ilikuwa Jumamosi. Baada ya swala ya alfajiri Dada alijichoma sindano yake, akala kipande cha mkate. Mimi nikaipeleka chupa jikoni, nikaiweka pembeni ya mtungi wa maji maana ndipo palipokuwa na ubaridi, nikisema moyoni maduka yakifunguliwa nitanunua barafu nyingine. Kosa langu ndilo hilo. Chupa ya mgeni jikoni mwa watu!

Bado tunavaa, Salima akaingia chumbani, amejifunga kitenge kipya. Alikuwa anawahi Gihosha, kule mlimani kaskazini mwa mji, kupika kwenye harusi ya mtoto wa wifi yake. Wanawake wawili aliokuwa anaondoka nao walisimama mlangoni wakimngoja. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Zuhura, saa saba mukuwe mumefika Gihosha," akasema. "Mbele ya kula. Musikule fasi ingine."

Nikaitika. Akarudia tena, mbele ya kula, ndiyo kabla ya kula kwa usemi wao, akimtazama Dada. Nikawaza, hawa ndugu zetu kwa kung'ang'aniza pilau lao hawajambo. Wakatoka.

Haikupita nusu saa, mlango ukagongwa. Jirani mmoja wa kike, mnene, mchangamfu, ameshika mafagio mawili. Akatukabidhi mafagio yale kama mtu anayekupa mkono wa salamu. Nilidhani anauza. Kumbe Jumamosi asubuhi kule ni kazi ya jamii, wao wanaita travo. Maduka yamefungwa, magari hayatembei, kila mtu yuko nje anazibua mtaro na kufagia mbele ya nyumba mpaka karibu saa nne. Nikajieleza kwamba sisi ni wageni, tumekuja kutazama majumba ya historia. Yule jirani akasema vizuri sana, mtaro huu nao ni wa zamani.

Nilinuna. Dada alicheka mpaka akakaa kwenye kizingiti, kisha akajifunga khanga, akafagia. Na mimi nikafagia, nifanyeje? Tulifagia majani, maganda ya ndizi, vifuko vya nailoni, vioo vilivyovunjika, tukazoa, likaja lori likabeba. Ukweli niuseme, walitusifu. Mzee mmoja fundi baiskeli aliniambia nafagia kama mtu wa Buyenzi, na kwa saa hiyo niliona nimepewa cheo.

Gari zilipoanza kutembea akaja Dezire, dereva wa teksi tuliyetafutiwa na Salima tangu jana. Mtu mzima, mfupi, Mkristo, rozari inaning'inia kwenye kioo, anaendesha polepole kwa sababu mafuta yalikuwa ya shida mjini na alikuwa anayahesabu kwa tone. Nikakimbia jikoni nikachukua chupa. Ilikuwa nzito kama kawaida. Niliona imefutwa mpaka inang'aa, nikasema Salima kweli msafi, nikaitia kapuni. Sikuifungua. Mara ngapi nimejiuliza kwa nini sikuifungua!

Mamba asiyetikisika

Tukaanza na makumbusho ya mjini. Humo wamejenga nyumba ya kifalme ya nyasi, duara, imesukwa kuanzia chini mpaka kileleni, na ndani ni giza lenye ubaridi mzuri. Dada alisimama humo muda mrefu akipapasa ule ufumaji. Aliuliza ilichukua siku ngapi kusuka, na kijana mwongoza wageni akajibu inategemea mfalme ana haraka kiasi gani.

Kuna ngoma pia. Dada akanyoosha mkono aipige, yule kijana akaweka kiganja chake juu ya ngozi kwa upole, akatueleza kwamba kwao hizi zinapigwa na wanaume. Dada akamwuliza na wanawake je. Akasema wanawake wanacheza. Dada akasema kwetu mwanamke anapiga, anacheza, na akirudi nyumbani anapika. Wakacheka wote wawili.

Kisha tukaenda kwa mamba wanayemfuga humohumo, kwenye bwawa. Amelala, mdomo wazi, hatikisiki. Dada akashikilia kwamba ni wa plastiki, amewekwa kwa ajili ya watalii. Tulisimama pale kama robo saa tukimsubiri apumue. Hakupumua. Tulipokata tamaa tukageuka, tukasikia maji yanalia chubwi nyuma yetu, na kuangalia, mamba hayupo. Dada alinishika bega kwa nguvu mpaka alama ilibaki.

Tulifurahi jamani. Kule juu mlimani Dezire alituonyesha kwa mbali kaburi la mwana wa mfalme wao aliyepigania uhuru, na pale barabarani kanisa kuu, na msikiti. Dada kila kitu anakisemea neno. Nilimwangalia nikasema safari hii ilistahili.

Jiweni Mugere

Jiwe lenyewe liko Mugere, kusini, nje kidogo ya mji, unafuata ziwa halafu unapanda kilima. Ni jiwe kweli, kubwa, limechorwa majina ya wale wazungu na tarehe yao. Ukisimama pale unaliona ziwa lote, na milima ya Kongo ng'ambo. Ziwa letu hilohilo, ila tumelitazama kwa kichwa chake badala ya ubavu.

Mlinzi wa pale, mzee mstaarabu, akaanza hotuba yake. Dada akamkatisha. Akamwambia sisi tumetoka Ujiji. Yule mzee akavua kofia, akaikaza tena, kama mtu anayejua kesi imefika. Walibishana vizuri, bila matusi. Mzee akakubali kwamba kukutana walikutana Ujiji, ila hapa walilala siku mbili. Dada akasema kulala si kukutana. Mzee akasema hata hivyo mtu hukumbuka alikolala. Mwisho Dada akampa mkono, akatangaza kwamba jiwe ni zuri, na ukweli umepatikana. Sijamwona dada yangu na furaha kama ile tangu ujana wetu.

Akaketi kivulini akasema njaa imemshika, nimpe dawa yake ajichome twende tukale.

Nikafungua chupa. Ukatoka mvuke.

Nilidhani macho yananidanganya. Nikainamisha, ikamiminika chai ya maziwa, inachemka, ina tangawizi. Nikamimina yote, kifuniko kwa kifuniko, chini kwenye majani, nikitafuta mfuko wangu wa nailoni. Hakuna. Vichupa havimo. Dada alikuwa ameokoa kifuniko kimoja, akakinusa, akaonja, akakunja uso.

"Na sukari hakuna," akasema.

Hapo nikapandwa na hasira, mnanijua. Nikamsema Salima pale juu ya kilima, mbele ya mlinzi, mbele ya Dezire. Kwamba amefungua chupa ya watu bila kuuliza. Kwamba amemwaga dawa ya dada yangu kama maji ya kuoshea vyombo. Na kwamba baada ya uharibifu wote huo, hata sukari katunyima! Ndugu gani huyu, nikasema, mchoyo wa kijiko cha sukari kwa wageni wake. Nilisema maneno mengine ambayo siyaandiki.

Dada alijishusha chini kabisa, kwenye vumbi, akakunja kitambaa chake cha mkononi mara nne.

"Zuhura," akaniita. "Kurudi Ujiji ni Jumatatu. Nitafika?"

Hasira yote ikaniishia. Nilimwona tena mwaka juzi, alivyokuwa mzito mikononi mwetu. Nikavunja kiapo palepale, nikamweleza Dezire kila kitu: sukari, sindano, barafu, chupa. Dada alinitazama lakini hakunikataza. Dezire alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mama mkwe wake naye anayo. Akatoa simu, akampigia Salima. Ikaita, ikaita, haikupokelewa. Akapiga mara tano.

"Mama, apana lia," akaniambia. "Mi nawapeleka."

Kurudi mbio

Famasi ya kwanza ilikuwa imefungwa. Ya pili, karibu na Zone Industrielle, mtaa wao wa viwanda, binti wa pale alitusikiliza kwa huruma, akatazama, akasema aina yetu hana, na hiyo aliyonayo hawezi kutoa bila karatasi ya daktari. Saa yangu ilikuwa inaelekea saa nane. Dada alikuwa kiti cha nyuma, amefumba macho. Kila baada ya dakika mbili namwuliza unajisikiaje, mpaka akaniambia anajisikia kuulizwa sana.

Tukaenda Buyenzi. Nyumba imefungwa kwa kufuli. Nikazunguka nyuma, nikachungulia jikoni kwa dirisha, sikuona kitu. Halafu wazo likanijia. Taka! Asubuhi tulifagia vioo, tulifagia vifuko vya nailoni, tukapakia kwenye lori kwa mikono yetu. Kama Salima alimwaga ile chupa mlangoni, basi mimi mwenyewe, niliyesifiwa kwa kufagia, ndiye niliyeifagia dawa ya dada yangu. Nikainama kwenye mtaro, nikaanza kufukua kwa kijiti.

Yule jirani wa mafagio akanikuta hapo. Akadhani nimeipenda kazi. Nilipomweleza, aliacha kucheka. Akafikiri, akasema Salima alipopita asubuhi alikuwa amebeba bakuli dogo lenye kifuniko, amelifunga kwa kitambaa kilicholowa maji. Wenzake walitaka kumsaidia kubeba, akakataa. Alilishika kwa mikono miwili mpaka akapotea kwenye kona, kama mtu aliyebeba yai.

Sikuelewa, ila nilichoelewa ni kwamba Salima yuko Gihosha, na Gihosha ni kupanda. Dezire alitazama mshale wake wa mafuta, akafanya ishara ya msalaba, akawasha. Kwenye mteremko alizima injini, kwenye mlima aliiomba. Kupita Mutanga gari lilikohoa mara mbili, Dezire akalipigapiga kwenye dashibodi na kulisemesha Kirundi, nami nikasoma kila dua niliyofundishwa chuoni. Dada akafumbua macho akasema, kama gari likizima yeye anashuka kutembea, hasubiri. Nilijua kutokana na hilo kwamba bado yumo.

Gihosha

Tulisikia harusi kabla ya kuiona. Ua mkubwa juu ya mlima, turubai, wanawake zaidi ya ishirini, masufuria ya pilau yamepangwa juu ya moto. Nilishuka na chupa tupu mkononi kama mtu aliyebeba ushahidi. Maneno nilikuwa nimeshayapanga, makali yote.

Salima alituona. Akaweka mwiko chini, akafuta mikono, akaja. Hakushangaa. Akasema tumechelewa kidogo lakini si neno, chakula bado hakijapakuliwa. Akamshika Dada mkono, akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba anampeleka akanawe uso, ametoka juani. Mimi nikafuata nyuma na maneno yangu mdomoni.

Alitupeleka ndani, chumba cha nyuma. Kulikuwa na friji, inanguruma kwa jenereta. Akafungua. Kati ya chupa za soda na sufuria ya mtindi kulikuwa na bakuli dogo lenye kifuniko, na ndani yake, juu ya kitambaa kilicholowa, mfuko wangu wa nailoni na vichupa vyote viwili, vizima, vya baridi. Akampa Dada, akafunga mlango, akasimama nao mgongoni ili mtu asiingie.

Nilikaa chini sakafuni. Sioni haya kusema, nililia. Dada alijichoma sindano yake, akavuta pumzi, akasema alhamdulillahi mara tatu.

Ndipo Salima akatueleza, kwa ile sauti yake ya kunong'ona. Aliiona chupa jikoni. Kwake mgeni hatoki na chombo kitupu, hajawahi kuruhusu, hata mama yake hakuwahi. Akaifungua atutilie chai. Akakuta barafu imekwisha, ni maji ya uvuguvugu, na vile vichupa. Alivijua mara moja. Mama yake aliishi na sukari miaka kumi na miwili, na yeye ndiye aliyekuwa akimchoma. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana, maduka ya barafu yamefungwa kwa ajili ya travo. Akaona dawa itaharibika, na friji inayofanya kazi anayoijua iko Gihosha. Akavibeba.

Nikamwuliza, kwa nini hakusema?

"Wale wamama walikuwa ku mulango," akasema. "Na Dada alikuwa anaficha. Mutu akificha ugonjwa wake, mi ni nani niutoe? Njo maana nilikuambia saa saba, mbele ya kula. Nilirudilia mara mbili, Zuhura."

Kweli alirudia. Mkono alinishika kwa mikono miwili. Mimi niliwaza pilau.

Simu yake ilikuwa ndani ya mkoba, na mkoba chini ya mikoba mingine ishirini ya wapishi. Nikamwambia, maana sikuweza kukaa nalo, kwamba nimemtukana juu ya kilima mbele ya watu, nimemwita mchoyo kwa sababu ya sukari. Salima akanitazama kwa mshangao wa kweli, wa kwanza siku ile.

"Weye unazani mi naweza kumupa mugeni chai bila sukari, hivi hivi?" akauliza. "Ilinigaramu moyo. Nilisema mukionja, mutajua kama nimejua."

Basi ndiyo hiyo, mashoga zangu. Chai ile ndiyo ilikuwa barua yake, na mimi niliimwaga yote kwenye majani. Dada aliyeionja hakuisoma, na mimi mwalimu mstaafu wa darasa la nne sikuisoma. Dada akaanza kucheka taratibu, halafu Salima, halafu mimi na machozi yangu, mpaka mtu akagonga mlango kuuliza kuna nini. Salima akajibu kwamba wageni wamefurahi.

Nilipotoka uani niliitazama saa ya marehemu, ilikuwa saa nane na nusu. Saa ya ukutani ya mwenye harusi ilionyesha saa saba na nusu. Sukari haijui saa ya nchi, najua, lakini mtu akikupa saa nzima bure siku kama ile, unaipokea. Nikakaa nikala. Wanawake walioniona nalia kwenye sahani walinibembeleza, wakaniambia bibi harusi ameolewa na mtu mwema, nisijali. Dezire naye aliletewa sinia lake, na mtu akamtilia mafuta lita mbili za kurudi.

Mpakani tena

Siku ya kuondoka Salima alitukabidhi chupa mbili. Ile yetu ya bluu, safari hii imejazwa barafu mpya na dawa ndani. Na nyingine yake, nyekundu, iliyojaa. Alisema hiyo ya pili tutairudisha tukija tena, na akasema vizuri kabisa kwamba asije akaiona inarudi tupu.

Mpakani mkaguzi wa mizigo, mwanamke, akagusa zile chupa kapuni akauliza tumebeba nini. Nilifungua mdomo kusema chai, kama nilivyozoea. Foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu, na kati yao wawili watatu ni watu wa hapahapa Ujiji, mnawajua. Dada akanitangulia.

"Hii ya bluu ni dawa yangu ya sukari," akasema, na sauti yake mnaijua ilivyo, hata walioko mwisho wa foleni walisikia. "Najichoma mwaka wa nne sasa. Na hii nyekundu ni chai. Haina sukari. Ndugu yangu kanipikia."

Akaifungua, akammiminia yule mkaguzi kifuniko kizima.